Uweke Muziki Gani Ukishika Pedi

Kibanda changu cha gemu kiko Isevya, hapa Tabora mjini, katikati ya mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti. Ndani kuna TV mbili, pedi nne za kuchezea gemu, na benchi ambalo nimeshaligongea mguu mpya mara tatu. Nilipoanza niliamini kibanda kisicho na muziki ni sawa na msiba, nikafunga sabufa, singeli kuanzia asubuhi mpaka nafunga. Vijana walijaa kweli. Ila mechi zenyewe zilikuwa aibu: kipa anatoka golini bila sababu, beki anaondoka na miguu ya mtu ndani ya boksi, na watu wanagombea pedi hata dakika tisini hazijaisha.

Halafu sabufa ikaungua. Wiki nzima tukakaa kimya, nami nikajua sasa watatulia. Wapi! Kila fundi akiwasha grinda, vichwa vyote vinageukia mlangoni. Kila mashine ikianza kupiga, kuna mmoja kapoteza mpira. Tangu hapo muziki nikauhesabu kuwa kifaa cha kazi kama pedi na ekstensheni: unachaguliwa, unapimwa, na ukileta shida unachomolewa. Haya ndiyo ninayowaelekeza wateja wangu, pamoja na wale wanaocheza kwenye simu nyumbani.

Kabla ya yote: sikio halina kope

Jicho ukitaka unalifumba. Sikio liko wazi muda wote, ndiyo maana mtu aliyelala akiitwa jina lake anaamka. Na kinachoshtua sikio si ukubwa wa sauti tu, kinachoshtua zaidi ni sauti kubadilika. Mvua ya Februari ikipiga bati saa mbili mfululizo, unaweza kusoma, kushona, hata kulala. Lakini grinda inayowaka, ikazima, ikawaka tena, inakutoa mchezoni hata kama iko nyumba ya tatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muziki wa kuchezea gemu ni kuwa mvua ya bati: ufunike zile kelele za kuja na kuondoka, na wenyewe usiwe na jambo la kukushtua. Kazi ya pili ni kukuchangamsha pale mchezo unapochosha, mfano unaporudia hatua ileile kwa mara ya ishirini na usingizi unanyemelea. Zaidi ya hizo mbili mimi sijaona. Muziki haumfundishi mtu kupiga pasi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwamba wanafunzi waliosikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika kumi walifanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, dunia ikashika mdundo: Mozart anaongeza akili! Wazazi wakawawekea hadi watoto wachanga. Waliofuatilia jambo hilo baadaye wakakuta ni uchangamfu tu, na haukai muda mrefu. Hata mtu aliyesikiliza hadithi anayoipenda aliupata.

Kipimo changu ni hiki. Mechi ikiisha nakuuliza: wimbo gani ulikuwa unapigwa? Ukikuna kichwa, tumechagua vizuri.

Hatua ya kwanza: isikilize gemu yenyewe

Wengi wanarukia kuchagua nyimbo kabla ya kujua gemu yao inawaambia nini masikioni. Hili ni kosa, kwa sababu katika gemu nyingi sauti ni taarifa. Waliozitengeneza walilijua hilo zamani. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu za besi, zinajirudia, zinajirudia, na kadiri wavamizi walivyozidi kukaribia ndivyo zilivyozidi kwenda mbio. Mchezaji hakuhitaji kuangalia popote, moyo wake tayari umeshaambiwa. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, ambayo muziki wake aliutunga Koji Kondo, saa ya mchezo ikishuka hadi 100 muziki unaongeza kasi ghafla. Ukiwa umeufunika kwa wimbo wako, muda unakuishia ukiwa bado unaokota sarafu.

Sasa chukua gemu zinazochezwa hapa kwetu, moja moja.

Mpira ndio mfalme wa vibanda. Iwe eFootball au ile iliyokuwa ikiitwa FIFA mpaka 2023 ilipobadilishwa jina kuwa FC, muziki wake mwingi uko kwenye menyu, wakati unapanga kikosi. Mechi ikianza unabaki na mashabiki na watangazaji. Mashabiki waache, wanafanya kazi nzuri kuliko wimbo wowote: mvumo wao ni ule wa mvua ya bati, na unapanda pale tu mpira unapokaribia goli, yaani hata wakikushtua wanakushtua kwa jambo la maana. Watangazaji ndio wa kuwatoa. Wanaongea Kiingereza bila kupumua, wanataja majina, wanakwambia umekosa goli wakati umeshaliona mwenyewe. Mimi hilo ndilo jambo la kwanza ninalozima kwenye kila mashine, na sijawahi kusikia mteja akiwaulizia.

Gemu za kupigana risasi, yaani Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile na ndugu zao, zina sheria moja ngumu: ukiwa hai, hakuna muziki. Nyayo za adui ndizo ramani yako. Tena sikio ni jepesi kuliko jicho. Mtu wa kawaida akisubiri ishara ili abonyeze kitufe, ishara ya sauti anaijibu kwa takriban sekunde 0.16, ya mwanga karibu sekunde 0.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku mnapokutana mlangoni, wewe na bunduki yako na yeye na ya kwake. Ukiwa na wimbo masikioni umeitupa faida hiyo kwa hiari yako. Muziki uweke unaposubiri chumba kijae na ndege iruke. Miguu ikigusa ardhi, zima. Vijana wanaokuja kwangu na simu zao kuchaji wanabishana nami sana hapa, na wengi wao wanauawa kwa nyuma.

Gemu za magari zina hila yake. Muziki wa mbio unakufanya ukanyage mafuta bila kujua. Mtafiti mmoja wa Israel, Warren Brodsky, mwaka 2002 alichapisha majaribio ya watu waliokuwa wakiendesha gari la kuigiza kwenye skrini huku wakipigiwa muziki wa kasi tofauti. Kadiri muziki ulivyokwenda mbio, nao waliongeza mwendo, na wakapita taa nyekundu mara nyingi zaidi. Kwenye barabara iliyonyooka hiyo ni raha. Kwenye kona za milimani utakuwa unaokota gari kwenye korongo. Kwa hiyo kama gemu ina kona nyingi, weka muziki wa polepole kuliko unavyotamani.

Zilizobaki, kama drafti ya simu, kupanga matofali na kuunganisha peremende, hazina taarifa kubwa masikioni. Huko weka unachotaka. Kama unacheza Tetris, wimbo wake maarufu, ule wa kijijini Urusi ulioingia kwenye Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi, mwaka 1989, unatosha wenyewe. Unajirudia mpaka unausahau.

Hatua ya pili: tenganisha sauti kwenye setingi

Gemu karibu zote za siku hizi zina mistari mitatu au minne ya sauti: muziki, milio ya mchezo, watangazaji, wakati mwingine na sauti za wachezaji wenzako. Usishushe sauti ya TV nzima. Shusha muziki wa gemu hadi sifuri kama utaweka wa kwako, watangazaji sifuri, milio ya mchezo iache juu. Muziki wa aina mbili kwa pamoja ni vurugu, kila mmoja una mdundo wake na mkono haujui uufuate upi.

Hatua ya tatu: chagua wimbo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanaponichukia.

Tuanze na maneno. Wimbo wenye maneno unayoyaelewa unaingia palepale kichwani pale unapopangia mambo yako. Umewahi kuhesabu hela huku mtu anakutajia namba pembeni? Ni hivyo hivyo. Bongo fleva yenye kisa cha mtu kaachwa inakutaka uisikilize, ndiyo sababu iliandikwa. Kama gemu yako ina maandishi ya kusoma, maagizo, majina ya vitu vya kukumbuka, maneno ya wimbo yatakuibia. Kwenye mpira madhara ni madogo zaidi, maana husomi, ila bado nimeona mtu anaimba kiitikio huku anafungwa goli la kona. Wengine wananiambia basi tuweke Kilingala, hatukielewi. Inasaidia kiasi. Lakini sauti ya mtu anayeongea ina namna ya kulivuta sikio hata kama lugha huijui, kwa hiyo usumbufu unapungua bila kwisha.

Kwa hiyo biti tupu, bila mwimbaji, ndiyo salama zaidi. Na Tabora tuna hazina ambayo hatuitumii. Huu ni mji wa Kiko Kids, wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi ambazo wazee wetu walicheza nazo mpaka viatu vikaisha soli. Ukisikiliza muziki wa dansi wa enzi zile, wimbo una sehemu mbili. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake. Halafu inakuja chemko: maneno yanapungua, magitaa yanaanza kujibizana, kila moja na kipande chake kifupi kinachozunguka na kuzunguka. Chemko ni muziki wa gemu uliotungwa kabla ya gemu kufika. Shida yake ni ule mpito. Umeshazoea polepole, ghafla mambo yanachemka, na mtu aliyekuwa anamiliki mpira vizuri anaanza kupiga mashuti toka katikati ya uwanja.

Dawa yake niliipata kwenye simu. Kuna programu nyingi za bure za kukata sauti, zile ambazo watu hutumia kutengeneza mlio wa simu. Nakata wimbo pale chemko inapoanza mpaka kabla haijazimika, naiunganisha na nyingine ya kasi ileile, naweka kwenye flashi. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anasubiri unga wake pale mashineni akaja akasimama mlangoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hebu niambie, huu wimbo umeukata kichwa kwa nini?”

“Nimebakisha gitaa tu mzee, vijana wanacheza.”

“Basi waambie hao vijana kwamba ulikuwa na kichwa.”

Akaondoka. Siku hizi usiku, nikishafunga, naupiga mzima.

Baada ya maneno, kasi. Huhitaji mtambo kuipima. Wimbo ukipigwa, gonga meza kwa kidole kufuata mdundo, hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata kati ya 60 na 80, huo unakwenda na moyo wa mtu aliyekaa. Ni mzuri kwa kujifunza gemu mpya au hatua ngumu. Ukipata 100 hadi 120, ambako amapiano nyingi ndiko ziliko, huo ni wa kazi ya kawaida, mechi ya jero baada ya mechi ya jero. Singeli inapiga 200, nyingine inasogea hadi 300. Singeli naipenda, nimeikulia, lakini ni muziki wa mwili mzima na mchezaji wa gemu ana vidole gumba viwili tu vya kutolea hiyo nguvu yote.

Sababu iko kwenye kitu ambacho Robert Yerkes na John Dodson, Wamarekani, walikiandika mwaka 1908 baada ya kuhangaika na panya. Kuchangamka kunasaidia kazi mpaka kiwango fulani, kikipita hicho kunaharibu, na kadiri kazi inavyokuwa ngumu ndivyo kiwango hicho kinavyokuja mapema. Lihamishe kwenye benchi langu: mtu anayecheza na mtoto wa jirani anaweza kuweka wimbo wowote, anashinda tu. Mtu anayekutana na bingwa wa mtaa wa Ng'ambo tayari moyo unamdunda, ukimwongezea mdundo mwingine juu yake umemmaliza. Kwa hiyo ukiwa umechoka na mchezo ni mwepesi, ongeza kasi. Ukiwa na woga na mchezo ni mzito, punguza. Vijana wengi wanafanya kinyume chake, fainali ndiyo wanadai singeli.

Nikiwaambia haya wanadhani ni mambo ya kizungu. Nawakumbusha kwamba wapagazi wa Unyamwezi walitoka hapa Unyanyembe wakiwa na pembe za ndovu begani hadi Bagamoyo, miezi njiani, na waliimba. Waliimba kwa mwendo wa mguu uliobeba mzigo, wakijua safari bado ndefu. Kasi ya wimbo ilifuata kazi. Waliokuwa wakilima kwa ngoma ni vilevile, jembe na ngoma vinashuka pamoja.

Jambo la mwisho kwenye uchaguzi: chukua wimbo uliouzoea mpaka umekuchosha. Wimbo mpya unauliza maswali, huyu nani, anasema nini, hapo mbele inakuwaje. Wimbo wa zamani hauna maswali tena. Ngoma iliyotoka juzi isikilize ukiwa kwenye bodaboda au unaosha vyombo, ikishaisha utamu ndipo uilete kwenye gemu.

Hatua ya nne: sauti kiasi gani

Kaa kwenye nafasi yako ya kuchezea. Mwenzako akae umbali wa mkono mmoja, aongee kama kawaida, bila kupaza. Ukimsikia vizuri, umepatia. Ukimwambia “nini?”, shusha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, na ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Mwenye hedifoni anayecheza kila jioni saa mbili huku sauti imejaa anazimaliza saa hizo siku ya pili. Masikio yakivuma ukivua hedifoni, hiyo ni ishara umepitiliza, na vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Kwa mwenye kibanda kuna suala la besi. Besi ya sabufa inapita ukutani, inamfikia mama mwenye mtoto mchanga nyumba ya nyuma, wakati mchezaji mwenyewe haimsaidii chochote. Punguza besi, acha sauti za kati zilizobeba gitaa. Spika iweke nyuma ya wachezaji, chini, ielekee ukuta. Usiiweke pembeni ya TV, maana itapigana na sauti ya gemu pale pale. Adhana ikiadhiniwa zima kabisa. Hapo hata mechi huwa inasimamishwa bila mtu kusema, na nimeona wakirudi wanacheza vizuri zaidi.

Hatua ya tano: mtambo wenyewe

Anayecheza kwenye simu anapata tabu moja kila siku: anaweka wimbo, anafungua gemu, wimbo unakatika. Gemu imechukua spika. Fanya kinyume. Fungua gemu kwanza, ingia setingi zima muziki wake, ikishatulia vuta pazia la juu la simu ndipo ubonyeze wimbo. Simu nyingi zitakubali. Isipokubali, au kama simu ina memori ndogo na gemu inaanza kukwama kwama, usishindane nayo. Chukua kitochi chenye memori kadi, au ile redio ndogo ya flashi, kiweke pembeni kipige chenyewe. Simu inabaki na kazi moja, betri inadumu, na umeme ukikatika bado una wimbo. Kwenye kibanda faida hiyo ya mwisho si ndogo: giza likiingia ghafla katikati ya mechi ya watu wenye hasira, redio ikiendelea kupiga wanakaa, ikinyamaza wanaanza kudai hela zao.

Nyimbo ziwe zimehifadhiwa, usisikilize kwa bando. Achilia mbali gharama, yale matangazo yanayojichomeka katikati huwa na sauti kubwa kuliko wimbo, na mtu anayekupigia kelele ununue kitu wakati umebaki na beki mmoja ni grinda nyingine. Simu iweke kwenye hali ya kutosumbuliwa. Anayekudai atapiga tena.

Kuhusu spika za masikioni: za Bluetooth zinachelewesha sauti kidogo, unaona mguu umepiga mpira halafu mlio unakuja. Kwa muziki peke yake haina neno. Kwa milio ya gemu tumia za waya, hata zile za bei ya chini zinazouzwa sokoni. Ukitaka vyote viwili, waya wa gemu uvae sikioni na muziki utoke kwenye redio chumbani.

Hatua ya sita: jipime, usiniamini

Chukua daftari. Cheza mechi kumi dhidi ya mpinzani wa kiwango kimoja, au mashine kwenye ugumu uleule. Ya kwanza na muziki, ya pili bila, ya tatu na, ya nne bila, hivyo hivyo hadi kumi. Usicheze tano zote za muziki kwanza, maana utakuwa umechoka kwenye tano za mwisho na utailaumu sauti. Usiandike ushindi tu, ushindi una bahati. Andika makosa yako mwenyewe: pasi uliyompa adui bila kukabwa, kitufe ulichokosea, mara ulizotazama pembeni. Ukimaliza linganisha. Kama hamna tofauti, muziki kwako ni burudani tu, furahi nao. Kama makosa yamezidi kwenye mechi za muziki, badilisha kitu kimoja, ama kasi, ama maneno, ama sauti, urudie. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kilichokuponya.

Wapo ambao hawataki sauti yoyote, na hao nawaamini. Nina mteja, mwalimu wa sekondari, anakuja Jumamosi mchana saa ile fundi kafunga na mashine imezimwa. Anacheza kimya kabisa, hata mashabiki kawazima. Simwekei kitu.

Muziki kama saa

Matumizi haya niliyagundua kwa bahati. Zile nyimbo zilizokatwa nilizipanga zikafika dakika 40, flashi ikiisha inanyamaza. Baada ya muda vijana wenyewe wakawa wakisikia kimya wanainua vichwa, mmoja anakumbuka katumwa mafuta ya taa, mwingine anakumbuka kumwagilia bustani. Gemu haina mwisho, hilo tunalijua. Shirika la Afya Duniani limeshauingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Ukicheza peke yako nyumbani, panga nyimbo za dakika 40 au 50, zima kujirudia. Zikinyamaza, simama, nywa maji, angalia mbali hata kama ni mwembe wa jirani. Wazazi, hii inafanya kazi kuliko kufoka, kwa sababu mtoto hana wa kubishana naye. Na wanafunzi kwangu hawaingii saa za masomo, hata flashi iwe na dakika ngapi.

Penalti

Kwenye penalti mimi nazima kila kitu. Pale hakuna kelele ya kufunika, maana kibanda kizima kimeshanyamaza chenyewe, na hakuna usingizi wa kufukuza. Kuna kipa, mpigaji, na kidole kimoja. Nimewaambia wote, wamekubali, isipokuwa dogo mmoja wa Kiloleni anayedai chemko iendelee mpaka mpira wa mwisho. Nimemweleza kuhusu Yerkes na Dodson, nimemweleza kuhusu panya. Jumapili iliyopita alinipiga nne kwa mbili, redio inapiga.